Kazi ya Asiye na Kamera

Wazee wetu mlioketi safu ya mbele, akina mama, walimu, waongozaji na watayarishaji wa filamu mlioacha shughuli zenu za Jumamosi asubuhi, na nyinyi vijana mlioandikisha majina ili mjitolee katika tamasha la mwezi ujao: hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu matamasha ya filamu huru katika eneo letu hili na jinsi watu wanavyoshiriki ndani yake. Nadhani aliyeniomba alitarajia nifundishe namna ya kutuma filamu ikakubaliwa, na nitalifikia jambo hilo, maana naona humu sura kadhaa za watu ambao filamu zao zimekuwa karibu kwisha tangu mwaka juzi. Lakini nilipopitia orodha ya waliokuja leo niligundua kwamba wengi wenu hamna filamu, hamna kamera, na pengine hamna haja nayo. Mimi ni mmoja wenu. Sijawahi kuongoza filamu hata ya dakika tano. Kazi yangu ya kwanza katika tamasha ilikuwa kusimama mlangoni na tochi, nikichana tiketi na kuwaonyesha waliochelewa mahali pa kukaa, na tangu hapo nimepitia karibu kila kazi isiyodai kipaji: nimebeba viti, nimehesabu kura, nimepokea wageni uwanja wa ndege nikiwa nimeinua karatasi yenye jina lililoandikwa vibaya, na kwa miaka kadhaa nimeketi katika kamati za kuchagua filamu. Basi nitalieleza tamasha kama linavyoonekana ukiwa umesimama mlangoni.

Tunaposema filamu huru tunamaanisha filamu ambayo haikugharamiwa wala kutawaliwa na kampuni kubwa au kituo cha televisheni. Mwenyewe ametafuta fedha kwa akiba yake, kwa chama, kwa ndugu, au kwa ruzuku ya mfuko kama Docubox, ulio papa hapa Nairobi na unaosaidia filamu za hali halisi za Afrika Mashariki, na uamuzi wa mwisho kuhusu hadithi ni wake. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya filamu za Kenya ni filamu huru, tupende tusipende. Taabu yao kubwa huanza baada ya kukamilika. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka sinema za katikati ya jiji, Odeon, Embassy, Nairobi Cinema, na zile za kutazamia ndani ya gari, Fox kwenye barabara ya Thika na Belle Vue upande wa barabara ya Mombasa. Nyingi zimefungwa au zimegeuzwa kuwa makanisa na maduka. Kumbi zilizobaki ziko ndani ya majumba ya biashara, na zinaishi kwa filamu za Marekani na za India ambazo huja na matangazo yake tayari. Mwongozaji wa Kenya anayetaka filamu yake ionekane kwenye pazia kubwa, mbele ya watu asiowajua, mara nyingi hana njia nyingine ila tamasha. Ndiyo sababu swali la nani anashiriki katika tamasha, na anashiriki vipi, ni zito kwetu kuliko linavyoweza kuwa kwa mkazi wa Paris mwenye sinema tatu mtaani kwake.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, kwa kuwa kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Tamasha la filamu la Venice lilianza mwaka 1932, na la Cannes mwaka 1946. Barani kwetu, la Carthage nchini Tunisia lilianza mwaka 1966, la Ouagadougou, katika nchi ambayo leo ni Burkina Faso, mwaka 1969, na la Durban mwaka 1979. Aliyeanzisha lile la Carthage, Tahar Cheriaa, alikuwa mhakiki na kiongozi wa vilabu vya watazamaji wa filamu. Hakuwa mwongozaji. Lile la Ouagadougou, ambalo leo tunaliita FESPACO, lilianzishwa na kikundi cha wapenzi wa sinema, na kamati yake ya kwanza iliongozwa na mwanamke aliyefanya kazi katika televisheni, Alimata Salembéré. Watu hao walikuwa na kero moja: Waafrika walikuwa wamekwisha kuanza kutengeneza filamu, lakini Waafrika wenzao hawakuweza kuziona, kwa sababu kumbi na usambazaji vilikuwa mikononi mwa kampuni za kigeni zilizoleta filamu zao wenyewe. Waliamua kukusanya filamu hizo na kuzionyesha kwa wiki moja. Mwaka uliofuata, 1970, serikali ya nchi hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Volta ya Juu, ilizitaifisha kumbi za sinema. Tuzo kuu ya tamasha hilo, ambalo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili, ni sanamu ya Yennenga, binti mfalme wa hadithi za Wamossi, akiwa juu ya farasi wake.

Nawaambia haya kwa sababu vijana wanaojitolea huja kwangu wakijishusha. Huniambia, "Mimi ni wa mlangoni tu." Hao wa Tunis na Ouagadougou walikuwa wa mlangoni pia. Walitaka kutazama, wakaona mlango umefungwa, wakatafuta namna ya kuufungua.

Karibu na sisi mnalijua tamasha la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambalo jina lake la Kiswahili ni Tamasha la Nchi za Jahazi, kwa maana kwamba linawaunganisha watu waliowahi kufikiwa na upepo uleule wa Bahari ya Hindi. Mgeni huliona ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, muziki ukifuata baada ya filamu. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba filamu zilipelekwa pia vijijini, Unguja na Pemba, ambako hakuna mtu angepanda gari kwenda Mji Mkongwe kutazama filamu ya saa mbili. Rwanda, tamasha lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005 lilijulikana kwa jina la utani la Hillywood, yaani Hollywood ya vilima, kwa sababu lilibeba pazia la kujazwa upepo na kulisimamisha katika mji huu leo, kwenye mlima ule kesho, na kuonyesha filamu za Kinyarwanda kwa watu waliosimama kwenye majani. Hapa kwetu, Slum Film Festival lilianza mwaka 2011 na kuonyesha filamu Kibera na Mathare, zikiwemo zilizotengenezwa na wakazi wenyewe. Na kabla ya hilo, mwaka 2006, Lola Kenya Screen liliwaweka watoto kwenye viti vya majaji, likawapa kazi ya kuendesha jukwaa na kuandika habari za tamasha. Nimewahi kukaa katika meza ya majaji watu wazima wakachukua saa tatu kutafuta maneno ya kumheshimu kila mtu, nikatamani tungekuwa na mtoto mmoja wa miaka kumi atuambie filamu ipi ilimchosha.

Nitawasimulia usiku mmoja, na sitataja tamasha wala mtaa, kwa kuwa si yote niliyoyaona siku hiyo yanawapendeza waandaaji.

Tulikuwa tumeweka pazia katika uwanja wa shule ya msingi. Viti vya plastiki mia mbili, watoto wameketi chini mbele, mama wa mahamri amesimamisha jiko lake karibu na lango kiasi kwamba harufu ilifika hadi safu ya mwisho. Filamu ilikuwa ya Kidholuo, na tafsiri iliandikwa kwa Kiingereza chini ya picha, kwa herufi ndogo nyeupe ambazo zilipotea kila mara mandhari yalipokuwa na anga au shati jeupe. Kwenye kamati tuliitazama kwa kompyuta, kila mtu amekaribia kioo, hatukuona kasoro. Uwanjani, dakika ya nne, bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alimgeukia jirani yake akauliza, "Wanasema nini?" Jirani hakujua. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea pikipiki yake kando ya safu akamjibu kwa Kiswahili, "Anamwambia kaka yake kwamba shamba halijauzwa, wamedanganywa." Bibi akauliza swali la pili, na la tatu. Watu wa nyuma wakaanza kusema "sauti, sauti," nami nikiwa msimamizi wa nidhamu nikasimama kwenda kumnyamazisha yule kijana, kabla ya kutambua kwamba walikuwa wakimtaka apandishe sauti. Fundi wa mitambo, ambaye alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mimi, akampelekea kipaza sauti.

Kuanzia hapo filamu ilikuwa na watu wawili walioimiliki. Kijana alitafsiri, akaongeza chumvi, akasita mahali pa huzuni. Mzee mmoja aliyejua Kidholuo vizuri kumliko akamrekebisha kwa sauti kutoka safu ya tano: "Hakusema hivyo! Amesema ataapa mbele ya kaburi." Wakabishana, uwanja mzima ukaangua kicheko katika tukio ambalo, kwa haki, halikuwa la kuchekesha. Kisha stima zikapotea. Jenereta ilikuwepo lakini mafuta yake yalikuwa yameishia kwenye majaribio ya mchana, kwa hiyo mtu alitumwa na dumu kwenye kituo cha petroli, na kwa takriban dakika ishirini tulikaa gizani. Nilitarajia watu waondoke. Waliondoka wachache. Wengine walimtaka kijana aendelee, naye akasema hajaiona filamu hiyo, hajui kitakachotokea. Wakamwambia, basi wewe unaonaje? Bibi akasema yule kaka ndiye aliyeuza shamba. Mwalimu mmoja akakataa. Mwangaza uliporudi watu walikuwa wamekwisha kugawanyika kambi mbili, na mwisho wa filamu ulipofika kambi iliyoshindwa ililalamika kwamba mwongozaji amekosea.

Mwongozaji alikuwepo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amesimama nyuma karibu na projekta, amefunga mikono. Nilimwendea kumwomba radhi, na hakunificha hasira yake: alitumia miezi miwili kutengeneza sauti ya upepo na ya ng'ombe katika filamu ile, na hakuna aliyeisikia. Alikuwa na haki. Filamu ni kazi ya mtu, na kuifunika kwa kipaza sauti bila ruhusa yake ni kumvunjia heshima. Ila pia aliniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba katika miji mingine alikoonyesha filamu hiyo watu walimpigia makofi na kumuuliza bajeti ilikuwa kiasi gani, na hakuna mahali pengine ambapo mtu alimwuliza kwa nini yule kaka aliuza shamba.

Alichokifanya kijana wa bodaboda kina ukoo mrefu katika eneo letu. Uganda wanao wale wanaoitwa maveejay, wanaotafsiri na kuchambua filamu papo kwa papo ndani ya vibanda vya video, na wengine ni maarufu kuliko waigizaji. Tanzania watu wamejifunza filamu za Hong Kong na Marekani kupitia watafsiri wa Kiswahili wenye majina yao na wafuasi wao. Hapa Kenya, ukipita karibu na kibanda cha video, au hata ukipanda basi la safari ndefu, utamsikia DJ Afro akiwapa wahusika majina mapya na tabia mpya. Matamasha yetu rasmi huona haya mbele ya desturi hiyo, kana kwamba heshima ya sinema ni ukimya. Mimi nina maoni tofauti, ingawa wenzangu wa kamati hawajakubaliana nami wote: kila filamu ya lugha isiyojulikana na mtaa ionyeshwe mara mbili, mara moja kwa ukimya kama mwongozaji alivyoikusudia, na mara moja, kwa idhini yake iliyoandikwa, ikiwa na mtu wa mtaa mwenye kipaza sauti. Na tafsiri iliyoandikwa iwe ya Kiswahili kwanza. Gharama yake ni ndogo, kwa sababu maandishi hayo ni faili dogo linalowekwa kando ya picha. Kinachohitajika ni mtu wa kutafsiri na mwingine wa kusahihisha. Hiyo ni kazi ya asiye na kamera, na kati yenu wapo walimu wa Kiswahili. Herufi, nawasihi, ziwe na kivuli cheusi.

Sasa kwa wenye filamu, kwa ufupi. Matamasha hutangaza tarehe ya kupokea kazi miezi kadhaa kabla, na siku hizi nyingi hupokelewa kwa njia ya intaneti, mara nyingine kwa ada. Unatuma kiungo chenye neno la siri. Tafadhali hakikisha kinafunguka, na usibadilishe neno la siri wiki inayofuata, kwa sababu filamu yako haitazamwi siku unayoituma. Inatazamwa usiku, wiki sita baadaye, na mtu aliyerudi kutoka kazini akiwa na filamu nyingine nne za kutazama kabla ya kulala. Katika kamati nilizokaa, kila filamu ilitazamwa na watu wawili, na wasipokubaliana aliitwa wa tatu. Tulivumilia picha yenye giza, tulivumilia uigizaji wa kigugumizi, lakini sauti mbaya hakuna aliyeivumilia zaidi ya dakika tano, na naweza kusema kwamba sauti ndiyo iliyozikataa filamu nyingi kuliko hadithi. Kikwazo cha pili kilikuwa muziki. Ukitumia wimbo usio na haki nao, kamati yenye busara itakukataa hata kama imelia machozi, kwa kuwa tamasha ndilo litakaloshtakiwa. Tafuta kijana anayepiga gitaa mtaani kwenu, mlipe, mwandikiane.

Urefu nao una siasa yake. Akademia inayotoa tuzo za Oscar huhesabu filamu fupi kuwa isiyozidi dakika 40, na waongozaji wetu huona hiyo kuwa ruhusa ya kufika dakika 38. Mpangaji wa ratiba ana saa moja na nusu ya kujaza. Filamu ya dakika 12 anaweza kuipachika popote. Ya dakika 38 inamfukuzia wengine watatu, kwa hiyo lazima iwe bora kuliko wote watatu kwa pamoja. Mara nyingi haiwi.

Na kuna sheria. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo ni ya miaka ya mwanzo ya 1960, kupiga filamu kunahitaji leseni, na filamu inayoonyeshwa hadharani hupitiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo huipanga kuwa ya watu wote, ya watoto wakiwa na mwongozo wa wazazi, ya miaka 16 au ya miaka 18. Waandaaji wapya hudhani kwamba tamasha dogo la mtaani halihusiki, kisha wiki ya mwisho wanakimbizana na fomu. Wekeni tarehe hiyo kwenye ratiba kabla hamjaweka jina la mgeni rasmi.

Bodi inaweza pia kukataa, na ilipoikataa filamu ya Rafiki ya mwongozaji Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, mwezi Aprili 2018, muda mfupi kabla haijaonyeshwa Cannes ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko, mambo yaliishia mahakamani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, kwa watu wazima waliotaka. Sitaingia katika ubishi wa yaliyomo, kwa kuwa humu ndani kuna wenye maoni yote mawili na chai bado haijaletwa. Ninachotaka mkione ni foleni iliyopangwa nje ya sinema ya Prestige kwenye barabara ya Ngong. Tulikuwa tumeambiwa kwa miaka mingi kwamba Wakenya hawalipi kutazama filamu za Kenya. Mwezi Machi 2019 mwigizaji wake mkuu, Samantha Mugatsia, akatuzwa Ouagadougou kuwa mwigizaji bora wa kike, na huku nyumbani zile siku saba zilikuwa zimekwisha zamani.

Narudi kwa watazamaji, kwa sababu ndiko penye kazi. Katika jiji hili tamasha hufa saa tatu usiku. Onyesho kubwa huwekwa saa moja jioni, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika picha tulizoziona za Cannes, hotuba za wafadhili hula nusu saa, filamu inamalizika saa tatu na dakika chache, na mwendesha mjadala anaposhika kipaza sauti na kusema, "Sasa tunawakaribisha wenye maswali," watu wa Kayole, wa Githurai na wa Rongai wanasimama. Si kwamba hawana maswali. Wanajua nauli ya matatu itakavyokuwa wakichelewa, na wanajua njia ya kutoka kituoni hadi nyumbani ilivyo. Wanaobaki ni wenye magari na wale wanaoishi karibu, na mwandishi wa gazeti anaandika kwamba watazamaji wa Nairobi waliuliza hiki na kile. Mara moja tulijaribu kuweka onyesho kuu saa nane mchana siku ya Jumamosi. Wafadhili hawakufurahi, zulia jekundu lilionekana limepauka juani, na mjadala ulichukua saa nzima, ukaendelea kwenye ngazi, ukaendelea kituoni. Mwezi ujao tutafanya hivyohivyo.

Lugha ya mjadala pia ina hila yake. Filamu inaweza kuwa ya Kiswahili na Sheng kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini swali la kwanza likiulizwa kwa Kiingereza, la pili litakuwa la Kiingereza, na la tatu litatoka kwa mtu anayetaka tujue alisomea wapi. Aliyekuwa na swali kwa Kiswahili atalimeza. Kwa hiyo tunafanya hivi, na si siri tena maana nimewaambia: tunamwomba mtu mmoja kabla ya filamu, mara nyingi mama au mzee, awe wa kwanza kuinua mkono na aulize chochote atakacho kwa lugha yake ya kila siku. Hatumwandikii swali. Baada yake mikono huinuka sehemu zote za ukumbi. Mwendesha mjadala asimame katikati ya watu, si jukwaani. Na ashike kipaza sauti mwenyewe. Ukimkabidhi mwanamume wa Nairobi kipaza sauti na kumwambia ana dakika moja, atakueleza kwanza kwamba swali lake lina sehemu tatu. Nasema hivi nikiwa nimesimama hapa kwa muda mrefu, najua.

Kura ya watazamaji nayo tuifanye kwa uaminifu. Karatasi yetu ina tarakimu kuanzia 1 hadi 5 pembezoni. Mtazamaji anachana penye alama anayoitoa na kuitumbukiza kwenye sanduku akitoka, bila kalamu, bila kuonekana. Kisha tunajumlisha alama na kugawa kwa idadi ya karatasi. Tamasha moja nililolisaidia lilikuwa likihesabu karatasi za sifa tu bila kugawa, na kila mwaka mshindi alikuwa yuleyule aliyepewa ukumbi mkubwa. Filamu iliyoonyeshwa kwa watu 40 walioipenda wote haikuweza kamwe kuishinda iliyoonyeshwa kwa watu 300 ambao nusu yao waliipenda. Jamaa za mwongozaji watakuja na kuchana 5, hilo halizuiliki, lakini wakiwa wengi kiasi cha kubadilisha matokeo, basi angalau ukumbi umejaa.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo, na nalisema mbele ya waandaaji ili liandikwe. Nilipokuwa kijana nilijitolea kwa siku tisa katika tamasha moja, nikiahidiwa nauli na chakula. Chakula kilikuwa soda na keki, nauli ililipwa miezi mitatu baadaye baada ya kuomba mara nyingi, na usiku wa mwisho niliona hesabu ya maua ya jukwaani. Sikurudi huko. Kujitolea ni kutoa muda wako kwa hiari. Si mkopo unaowapa watu wenye bajeti. Katika tamasha letu nauli italipwa jioni ya kila siku, mkononi au kwa simu, kabla hujaondoka, na chakula kitapikwa na akina mama wa mtaa huu, nao watalipwa. Fundi wa sauti na fundi wa umeme hawajitolei, hiyo ni kazi yao. Wapo kwenye bajeti, juu ya maua. Maua hayapo.

Daftari la zamu liko kwenye meza ile karibu na mlango. Wa kupanga viti wamepatikana, wa tiketi wamepatikana, wa kuhesabu kura tunahitaji wawili zaidi, wanaojua kugawanya. Kuna filamu moja ya Kiturkana siku ya Ijumaa ambayo mwongozaji wake amekwisha kutupa ruhusa kwa barua, na mstari wa atakayeshika kipaza sauti kutafsiri bado uko wazi. Mafuta ya jenereta nitayanunua mwenyewe. Asanteni sana, naona chai imefika.